Namna ya kujua kama seli za saratani zinaisikia EGF, na kwa nini kisima cha sifuri ndo kila kitu

Mdogo wangu mmoja anasoma masta, kaniuliza wiki iliyopita anaanzaje majaribio ya vichochezi vya ukuaji, vile wenzetu wa maabara wanaita grothi fakta, maana supavaiza wake kamwambia tu "stimyuleti seli na EGF alafu uangalie fosfo-ERK" kisha kaondoka zake safari (EGF ndo kichochezi chenyewe, fosfo-ERK ni protini ya ndani ya seli ikishabandikwa fosfeti). Nikacheka kwa sababu na mi nliambiwa ivoivo. Westan yangu ya kwanza (picha ya protini zilizotenganishwa kwenye jeli) ilitoka mistari yote myeusi tii, ya dakika sifuri nyeusi, ya dakika tano nyeusi, ya saa nzima nyeusi, nikafurahi nikajua nimepata matokeo, kumbe sijapata kitu. Kwa hiyo naandika hapa taratibu jinsi ya kuifanya hii kazi, ukiwa na maabara ya kawaida tu yenye inkyubeta, kabati la usalama, sentrifuji ya baridi na vifaa vya jeli.

Kwanza elewa unachotafuta. Mwilini seli haikui kwa kujiamulia, inasubiri ipigiwe hodi. Kichochezi kama EGF, kiprotini kidogo cha amino asidi 53 tu, kinakuja kinagonga kwenye kipokezi chake juu ya ngozi ya seli, EGFR, vipokezi viwili vinashikana, vinawekeana fosfeti, alafu habari inapita ndani kwa mkono hadi mkono, RAS anampa RAF, RAF anampa MEK, MEK anampa ERK, ERK akishabandikwa fosfeti anaingia kwenye kiini na seli inaanza kujiandaa kugawanyika. Hodi, karibu, mgeni anapita. Saratani nyingi ni kesi ya mlango unaosema karibu wakati hamna mtu aliyepiga hodi, au nyumba iliyojaza milango mpaka hata upepo ukipita inajibu. Sasa jaribio letu ni swali moja: je hizi seli zinaitika hodi ya EGF, au zinaitika tu zenyewe? Na huwezi kujibu hilo swali kama nyumba ilikuwa na kelele kabla hujagonga. Hapo ndo kisima cha sifuri, yaani kile kisichowekewa EGF, kinapoingia, na ndo maana mistari yangu myeusi yote haikuwa na maana.

Kelele zinatoka wapi? Kwenye seramu. Ile seramu ya ndama ya asilimia 10 unayomwagia kwenye midia (maji ya kulishia seli) kila siku bila kuwaza ni supu ya vichochezi. Mwaka 1974 ndo ilikuja kuonekana vizuri kwamba seramu, yaani maji ya damu iliyoganda, inakuza seli kuliko plazma ya damu isiyoganda, na sababu ni chembe sahani, zikiganda zinamwaga kichochezi kinachoitwa PDGF (kazi yake mwilini ni kuponya kidonda, ina akili sana hiyo). Na 1983 wakagundua kirusi kimoja cha saratani ya nyani kimebeba jeni inayofanana na ya hiyohiyo PDGF, watu wakashika vichwa, maana ndo ikawa wazi kwamba saratani inaweza kuwa hodi ya kawaida tu iliyokosa wa kuizima. Kwa hiyo ukiweka EGF juu ya seli ambazo zimeshiba seramu ni sawa na kupiga hodi harusini.

Seli gani utumie. Kwa kuanza chukua A431, zimetoka kwenye saratani ya ngozi ya sehemu za siri za mama mmoja mzee, na sifa yake ni kwamba kila seli moja ina vipokezi vya EGF zaidi ya milioni moja. Milango kila kona. Ukishindwa kuona EGF ikifanya kazi kwenye A431 basi shida ni wewe au ni antibodi (protini ya kunasia ile unayoitafuta), sio seli. Zikishakubali ndo uhamie kwenye seli zako za utafiti. Na kabla ya yote zipime maikoplazma (bakteria wadogo wanaovamia kalcha), na kama laini (ukoo wa seli) mmepewa na maabara ya jirani kwenye kichupa kimeandikwa kwa makapeni fanyeni ule upimaji wa DNA wa STR kuhakikisha ni zenyewe, maana seli za HeLa, zile za Henrietta Lacks za 1951, zimevamia kalcha za watu dunia nzima na kuna watu wameandika mapepa kuhusu seli za kitu kingine kabisa kumbe ni HeLa tupu.

Jumatatu panda seli laki tatu mpaka tano kwa kisima kwenye plet ya visima sita, mililita 2 za DMEM (aina ya midia) na seramu kama kawaida. Unataka Jumanne jioni ziwe zimefunika kama robo tatu ya sakafu, zisibanane sana. Visima viwe sawasawa, tikisa plet mbele nyuma, kushoto kulia, usizungushe kama unapepeta mchele, utazikuta zote zimejazana katikati.

Jumanne saa 12 jioni zishindishe njaa. Ondoa midia, osha mara mbili na PBS (maji ya chumvi) ya uvuguvugu (mara mbili jamani, sio mara moja, seramu inang'ang'ania), weka mililita 2 za DMEM isiyo na seramu kabisa, yenye BSA (protini ya damu ya ng'ombe) asilimia 0.1 ukipenda. Zitafunga usiku kucha masaa 16. Wengine wanafungisha 24, sawa tu kwa A431, ila kuna laini haziwezi, asubuhi unazikuta zinaelea, hizo punguza masaa au waachie seramu asilimia 0.5. Kufunga kupo ila mgonjwa ana ruhusa.

Usiku huohuo andaa EGF. Kichupa kikija na mikrogramu 100 za unga, usikifungue kwa pupa, unga wenyewe huuoni kwa macho na unakaa kwenye kifuniko, kizungushe kwanza sekunde kadhaa kwenye sentrifuji. Weka mililita 1 ya maji safi au ya kile kimiminika walichosema kwenye karatasi yao, na BSA kidogo ili protini isigande ukutani. Hapo una mikrogramu 100 kwa mililita. Gawa kwenye vichupa vidogovidogo vya mikrolita 20, weka friza, na kikishayeyuka kimoja usikirudishe, kitupe. Najua inauma, ndo hivyo, nimeshaona mtu anatumia kichupa kimoja kilichogandishwa na kuyeyushwa mara nane alafu analalamika seli zake zina usugu.

Asubuhi usichukue mikrolita 2 za hiyo stoku ukadondoshea kwenye mililita 2, haitachanganyika vizuri na pipeti yenyewe hapo chini inadanganya. Punguza kwanza mara kumi kwa midia ya njaa, unapata mikrogramu 10 kwa mililita, alafu weka mikrolita 20 kwa kila kisima. Inakupa nanogramu 100 kwa mililita, dozi kubwa ya kuanzia, baadae utashuka. Na andaa maji mengine hivyohivyo, kila kitu sawa ila bila EGF, ndo ya kisima cha sifuri. Kisima cha sifuri sio kisima ulichokisahau kwenye inkyubeta. Nacho kinatolewa, kinawekewa mikrolita 20, kinatikiswa, kinarudishwa kama wenzake, kwa sababu kutikisa tu midia au kubadilisha midia mpya kunaweza kuiwasha ERK kwa dakika kadhaa. Ndo maana pia hatubadilishi midia siku ya jaribio, tunaongezea tu juu ya ile iliyolala nayo.

Plet yangu huwa hivi: kisima cha 1 yale maji yasiyo na EGF dakika tano, cha 2 EGF dakika tano, cha 3 dakika 15, cha 4 dakika 60, cha 5 gefitinibu kwanza saa moja alafu EGF dakika tano, cha 6 DMSO saa moja alafu EGF dakika tano. Gefitinibu ni dawa inayoziba EGFR kwa ndani, Marekani waliiruhusu kwa saratani ya mapafu 2003, maabara mikromola 1 inatosha. Inayeyushwa kwenye DMSO, ndo maana kisima cha 6 kipo, asije mtu akakuuliza kwenye difensi kama aliyezima ERK ni dawa au ni DMSO ukaanza kumeza mate.

Unaanza na muda mrefu ili vyote vimalizike pamoja. Saa 3:55 asubuhi weka gefitinibu na DMSO, saa 4:00 kamili EGF kwenye kisima cha 4, saa 4:45 cha 3, saa 4:55 EGF kwenye 2, 5 na 6 na yale maji yasiyo na EGF kwenye 1 ukiachanisha sekunde kumi kumi, saa 5:00 plet nzima kwenye barafu. Na tafadhali kwenye daftari andika kama ni saa za Kiswahili au za kizungu, kuna mwenzangu alisoma daftari langu akaja kuzishindisha njaa seli mchana badala ya jioni.

Kwenye barafu usilete utani. Fosfeti ikishabandikwa kuna vimeng'enya vya fosfatezi vinasubiri tu kuibandua na havijui kama wewe umeenda kunywa chai. Mwaga midia, osha haraka na PBS ya baridi sana, weka mikrolita 150 za bafa ya RIPA (ya kupasulia seli) yenye vizuizi vya protiezi na vya fosfatezi, yaani sodiamu floraidi na sodiamu othovanadeti. Hiyo vanadeti watu wengi wanaiweka kama ilivyo, kumbe inabidi uiamshe, unaipandisha pH mpaka 10, inageuka njano, unachemsha mpaka inakuwa haina rangi, inapoa, unarekebisha pH tena, unarudia mpaka ikae bila rangi yenyewe. Usipofanya hivyo nguvu yake inapungua. Kwangua seli, hamishia kwenye vichupa, barafuni dakika 15, zungusha kasi kubwa nyuzi 4 dakika 15, chukua maji ya juu. Pima protini kwa BCA, sio Bradford, sabuni iliyo kwenye RIPA inaivuruga Bradford. Alafu papo hapo changanya na bafa ya sampuli, chemsha nyuzi 95 dakika tano, ndo sasa unaweza kwenda kunywa hiyo chai, sampuli iliyochemshwa inavumilia friza, ambayo haijachemshwa mi siiamini.

Jeli asilimia 10, mikrogramu 20 za protini kila shimo. Akrilamaidi ambayo haijaganda ni sumu ya mishipa ya fahamu, vaa glavu. Sitaelezea sana kuendesha jeli, kila maabara ina mashine yake, volti 80 mpaka sampuli ziingie vizuri kisha 120. Transfa, yaani kuhamisha protini toka kwenye jeli kwenda kwenye membreni, ndo pa kuelezea. Membreni ya PVDF iloweshe kwenye metanoli kwanza, usipoilowesha haikubali maji. Na mpangilio kariri kama jina lako: upande mweusi, jeli, membreni, upande mwekundu. Protini zimevishwa SDS (sabuni) zina chaji hasi zinakimbilia chanya. Mi nlishawahi kugeuza, protini zote zikaenda kuogelea kwenye bafa, wiki nzima imepotea, na sikujua mpaka nlipopaka Ponceau (rangi nyekundu ya kuonyesha protini) membreni ikabaki nyeupe kama sanda. Kwa hiyo paka Ponceau kila mara, dakika mbili tu, unaona mistari mekundu kama zipo sawasawa kabla hujapoteza antibodi ambayo kichupa chake kinaweza kumeza posho yako ya mwezi. Kama kwenu umeme ni wa kubahatisha fanya transfa ya volti 100 saa moja kwenye barafu mchana kuliko ya usiku kucha, maana ya usiku umeme ukikatika saa 8 hakuna atakayekuambia ilisimama muda gani.

Kuziba membreni tumia BSA asilimia 5 kwenye TBST (bafa ya kuoshea), usitumie maziwa kwa antibodi za fosfo. Kesini ya maziwa yenyewe imejaa fosfeti, inaweza kukuletea ukungu membreni nzima. Antibodi ya fosfo-ERK kwa kawaida 1 kwa 1000, nyuzi 4 usiku kucha ikitikiswa polepole. Unaweza kuitunza na kuitumia tena ukiweka sodiamu azaidi kidogo, ila azaidi isikaribie antibodi ya pili yenye HRP (kimeng'enya cha kutoa mwanga), inaiua, utakaa gizani unatazama membreni isiyowaka na kujiuliza umemkosea nani. Kesho yake osha mara tatu, antibodi ya pili saa moja, osha tena mara tatu, ECL (maji ya kuwasha huo mwanga), piga picha. Piga picha za muda mfupi na mrefu. Mstari ulioungua mweusi kabisa haupimiki.

ERK inatokea mistari miwili, kilodaltoni 42 na 44. Hapo kuna mtego ambao hata maprofesa wanaingia: aktini nayo iko kwenye 42 hukohuko. Ukitumia aktini kama kipimo cha kulinganisha mizigo kwenye membreni hiyohiyo zinakaliana. Tumia vinkulini, protini nyingine ambayo iko juu huko kwenye 120 hivi. Na muhimu kuliko yote, ivue ile membreni antibodi ya kwanza au endesha nyingine pembeni upime ERK yote, yenye fosfeti na isiyo nayo, kwa sababu unachotaka kuripoti ni fosfo-ERK ukigawa kwa ERK yote. Kupima weusi wa mistari tumia ImageJ, ni ya bure, imetengenezwa na NIH, taasisi ya afya ya Marekani.

Sasa kusoma majibu. Kikienda vizuri, kisima cha 1 kinakuwa hafifu au hakipo, cha 2 kinawaka, cha 3 bado kipo, cha 4 kimeanza kushuka au kimebaki kidogo, cha 5 kimezimwa, cha 6 kinawaka kama cha 2. Ukiona hivyo hongera, seli zimesikia hodi na umethibitisha zimesikia kupitia mlango ule ule.

Kisima cha 1 kikiwaka usikimbilie kukata kipande hicho cha picha (watu wanafanya, tunawajua). Jiulize mambo matatu. Uliosha seramu mara mbili kweli? Ulichezea plet sana? Au seli zenyewe ziko hivyo? Maana kuna laini kama A549 ya mapafu yenye KRAS iliyoharibika, na HT-29 ya utumbo mpana yenye BRAF iliyoharibika, hizo ERK inaweza kuwaka hata ukizishindisha njaa, kwa sababu tatizo liko ndani, baada ya mlango. Na hapo ukiweka gefitinibu juu ya HT-29 usitegemee ERK izimike. Hii sio nadharia ya maabara tu, ndo sababu mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa anapimwa RAS kabla ya kupewa setuksimabu, dawa inayoziba EGFR kwa nje. Kufunga mlango wakati mwizi yuko sebuleni. Na kinyume chake 2004 ndo ilijulikana kwamba wale wagonjwa wachache wa mapafu waliokuwa wanapata nafuu kubwa kwa gefitinibu wengi wao EGFR yenyewe ndo ilikuwa imeharibika, mlango ndo mwizi, kwa hiyo ukiuziba kesi imepungua sana.

Kitu kingine kitakachokuchanganya. Ukiona ERK imewaka vizuri utataka kuonyesha kwamba EGF inakuza A431, utaweka EGF ileile nanogramu 100 siku tatu na kupima wingi wa seli, na utakuta zimepungua! Usitupe jaribio. A431 zinajulikana tangu miaka ya themanini mwanzoni kwamba EGF nyingi inazizuia kukua, na zinakua kwa dozi ndogo sana. Kelele zikizidi nyumba inafungwa. Kwa jaribio la ukuaji shuka mpaka pikogramu upande nazo taratibu, au tumia laini nyingine.

Nakukumbusha hilo kwa sababu hata EGF yenyewe ilipatikana kwa mtu kutodharau kontroli (kipimo cha kulinganishia) ya ajabu. Rita Levi-Montalcini, mwanasayansi wa Italia, alianza utafiti kwenye chumba chake cha kulala kule Turin wakati wa vita, sheria za Mussolini za 1938 zilishamfukuza kazini kwa kuwa Myahudi, anapasua viinitete vya kuku kwa vifaa vya kuokoteza. Baadae yuko St. Louis, Marekani, na mwanasayansi mwenzake Stanley Cohen wanatafuta kitu kinachokuza neva, wakatumia sumu ya nyoka kama kifaa tu cha kuvunja asidi za kiini, na kile kisima cha sumu peke yake, kontroli, ndo kikakuza neva kuliko vyote. Wakafikiri, sumu ya nyoka inatoka kwenye tezi za mate, tuangalie tezi za mate za panya. Kweli zimejaa. Na Cohen alipowachoma watoto wa panya ule mchanganyiko wakafungua macho siku ya saba hivi badala ya siku ya 12 au zaidi, neva haina uhusiano na kope, akaifuatilia, ndo EGF. Wote wawili walipewa Nobel 1986.

Rudia yote mara tatu, siku tatu tofauti, seli za pasaji (awamu ya kuhamishwa plet) tofauti. Visima vitatu vya siku moja ni jaribio moja. Na membreni usiitupe ukishamaliza, ifunge kwenye plastiki na TBST kidogo uweke friji, supavaiza akirudi safari lazima atauliza kama umeangalia na AKT, protini nyingine inayopokea hodi hiyohiyo.